Injini ya Mtumba, Oili Iliyoganda na Swali la Rangi

Nyua za Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, hazina injini za aina moja, na tofauti hiyo ndiyo inayoufanya ushauri mzuri wa fundi mmoja uwe hasara kwa jirani yake. Upande wa Kilosa, kuanzia Kimamba na Rudewa penye mashamba ya mkonge hadi vijiji vya mahindi na mpunga, injini nyingi za kazi ni za dizeli zenye silinda moja. Zipo zile nzito za mtindo wa Lister, zenye magurudumu makubwa pembeni, zinazozungusha mashine za kusaga. Nyingi si za Kiingereza tena bali ni nakala zilizofuliwa Rajkot, India. Zipo za Kichina za aina ya S195, nguvu za farasi 12, zinazovuta maji bustanini, zinazokoboa mpunga na zinazoendesha pawatila, mashine zilizoongezeka baada ya serikali kutangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009. Mikumi ni habari nyingine. Mji umekaa kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, Mbeya na Tunduma, penye njia panda ya kwenda Kilosa na ya kwenda Kidatu na Ifakara, kwa hiyo injini zinazoshushwa hapo ni za magari: Toyota, Isuzu, Fuso, mara nyingi mtumba wa Japani ulionunuliwa Dar es Salaam na kupakiwa juu ya lori pamoja na magunia.

Zote hufika nyumbani katika hali inayofanana. Zimevaa ukoko mweusi wa oili na vumbi, na mwenye nazo anataka kuzisafisha na kuzipaka rangi kabla ya kuzifunga. Swali analouliza kwanza ni moja: nioshee nini? Petroli, dizeli, sabuni, kostiki, au niipeleke kwenye mashine ya presha? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la mwisho. Kuna mawili yanayolitangulia: kwa nini unataka kupaka rangi, na ni kiasi gani cha uchafu kinachoweza kutoka bila tone la kimiminika chochote. Aliyeyajibu hayo mawili hukuta swali la kioshea limebaki dogo sana, na gharama yake pia.

Tuanze na rangi yenyewe. Sababu inayotajwa zaidi ni kutu, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Bloku la chuma cha kalibu lenye unene wa kidole haliozi kwa kutu ya juu. Injini za zamani za kusagia zimekaa mabandani miaka mingi zikiwa na wekundu wa kutu pembeni na bado zinawaka. Tena utando wa oili unaoulalamikia ndio umekuwa ukiilinda. Panapohitaji rangi kweli ni kwenye bati: sampo, tangi la mafuta, tapeti kava, kifuniko cha feni, mabomba ya maji. Hivyo hutoboka. Sababu ya pili ni kuuza, na hiyo tutaitazama kwa jicho la mashaka. Sababu ya tatu, ambayo watu huitaja kidogo ingawa ndiyo yenye uzito, ni kwamba injini safi iliyopakwa rangi inaonyesha panapovuja. Kwenye injini chafu kila mvujo mpya huzama ndani ya mvujo wa zamani, na mwenye injini hugundua kwamba oili imekwisha pale inapoanza kugonga.

Mashaka juu ya rangi ya kuuzia yana msingi. Mnunuzi mzoefu akiona injini ya mtumba inayong'aa silva mpya kuanzia sampo hadi tapeti kava, huinama kutafuta kilichofichwa. Anajua msemo wa dalali: "Mzee, hii haijaguswa, tangu Japani." Iliyokuwa haijaguswa ina uchafu wa Japani, mkavu na mwembamba, na alama za kalamu za rangi kwenye bolti. Iliyopakwa silva upya imeguswa, na haijulikani imeguswa kwa nia gani. Hiki si kisa cha kuacha kupaka rangi injini yako mwenyewe. Ni kisa cha kutoiosha kabla hujaisoma.

Uchafu wa injini husomeka. Oili hushuka chini kwa uzito wake na hurudishwa nyuma na upepo wa feni, kwa hiyo chanzo cha mvujo si pale palipolowa zaidi. Ni ile sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa yenye unyevu. Fuata unyevu kuelekea juu utafika kwenye gasketi ya tapeti kava, au kwenye oili sili, au kwenye swichi ya presha ya oili ambayo watu wengi huisahau. Dizeli inayovuja ina tabia yake: huosha njia inayopita, ukaona mstari safi katikati ya weusi, kwa kawaida ukianzia kwenye kiungo cha bomba la nozeli. Maji ya rejeta huacha ukungu mweupe, wa kijani au wa rangi ya kutu pale yanapokaukia. Ukoko mkavu unaobanduka kwa vipande ni wa miaka. Ute mbichi unaong'aa ni wa wiki iliyopita. Piga picha kwa simu pande zote nne na chini, kisha ndipo uguse kitu. Ukishaosha, ushahidi wote huo umekwenda na maji, na fundi atakayekuja kukusaidia atabaki kubahatisha.

Inafaa kuujua ukoko wenyewe, kwa sababu si kitu kimoja. Juu kuna vumbi lililonasa, na barabara ya Kilosa hadi Mikumi kwa miaka mingi imetoa vumbi la kutosha kulisha injini za wilaya nzima. Katikati kuna ute wa oili na grisi iliyochanganyika na mchanga, laini, unaochotwa kwa kidole. Chini kabisa, iliyoshika chuma, ni oili iliyopikwa na joto na hewa hadi ikageuka ngozi ngumu ya rangi ya kahawia. Tabia yake ni ileile ya ukoko wa wali: tabaka la juu hutoka kwa mwiko, lakini la chini ukilimwagia maji ya baridi unapoteza muda. Kila tabaka lina dawa yake. Kosa kubwa la nyumbani ni kumimina lita za mafuta juu ya matabaka yote matatu kwa pamoja, mafuta yakalainisha vumbi la juu, yakatengeneza tope jeusi, tope likaingia kwenye kila upenyo, na ile ngozi ya chini ikabaki palepale ikicheka.

Kwa hiyo kazi ianze kavu. Kwenye bloku la chuma tumia tindo butu, bisibisi pana ya zamani, brashi ya waya na kipande cha bati kilichokatwa kwa pembe ya kufaa kuingia kwenye kona. Kwenye aluminiamu weka chuma pembeni. Hedi za injini nyingi za Kijapani ni za aluminiamu hata pale bloku lilipo la chuma, kama kwenye 5A ya Toyota, na kwenye 1NZ hata bloku ni la aluminiamu. Hapo kwangua kwa ubao mgumu uliochongwa au kwa mwanzi, kisha gunzi la mahindi. Gunzi si utani. Viwandani magunzi yaliyosagwa hupulizwa kwa hewa kusafishia mota za umeme na vipuri vya injini, kwa sababu ni magumu kiasi cha kubandua grisi na laini kiasi cha kutokwaruza metali, na yenyewe hufyonza mafuta. Kilosa, wilaya ya mahindi, gunzi ni takataka. Chovya kwenye pumba kavu za mpunga au vumbi la mbao, sugua, pumba hunywa ute na kuanguka kwenye turubai zikiwa zimeubeba.

Ukifanya hivyo kwa subira ya saa kadhaa, sehemu kubwa ya uchafu itakuwa iko kwenye turubai katika umbo gumu: umeishika, unaweza kuihamisha, haijaingia kwenye injini wala kwenye udongo. Faida zote zinazofuata zinatokana na hapo. Mafuta ya kuoshea yanayobaki kuhitajika ni nusu lita badala ya dumu. Hatari ya moto hupungua kwa kadiri hiyohiyo. Maji machafu hupungua. Hata uwezekano wa maji kupenya ndani unapungua, kwa kuwa hutahitaji kupiga presha. Kazi hii haina sifa kwa sababu haina bidhaa ya kuuzwa dukani; ni mikono tu.

Sasa vimiminika. Petroli ndiyo inayopendwa kwa kuwa inakata grisi upesi na kukauka yenyewe, na inapatikana kwa chupa kila kijiwe cha bodaboda. Mimi ningeifuta kabisa kwenye orodha ya nyumbani. Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, maana yake ni kwamba kwa hali ya hewa ya Kilosa uko tayari muda wote. Tena ni mzito kuliko hewa: hauondoki kwenda juu, unatambaa chini ya ua kutafuta jiko la mkaa ambalo mtu ameliwasha upande wa pili wa nyumba kwa ajili ya maharage. Mkoa wa Morogoro hauhitaji mfano wa kuazima. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka. Waliopoteza maisha walizidi 100. Beseni la petroli uani ni dogo, lakini sheria inayoutawala mvuke wake ni ileile. Juu ya moto kuna ngozi: petroli ina benzini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na fundi anayeosha kwa mikono mitupu siku zote anaipokea kwa kuvuta na kwa ngozi.

Mafuta ya taa yangekuwa jibu la busara. Hayawaki mvuke mpaka joto lifike karibu nyuzi 38, yanakata grisi vizuri, na vitabu vya zamani vya ufundi viliyataja kana kwamba kila nyumba inayo. Kila nyumba ilikuwa nayo kweli, ya koroboi na ya jiko. Halafu likaja suala la uchakachuaji: wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, kwenye dizeli, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi bei ikaikaribia ya dizeli ili mchanganyiko huo usilipe. Hatua ilikuwa na mantiki, ila ilimgusa pia mtu mwenye brashi na kopo. Tangu hapo hakuna nafuu ya bei inayomfanya aache dizeli au petroli.

Imebaki dizeli, na si mbaya. Ni nzito, haiwaki kirahisi, inalainisha ile ngozi ya chini ukiipaka kwa brashi jioni na kuiacha hadi asubuhi chini ya kitambaa kilicholowa. Tatizo lake ni moja na ni kubwa kwa mwenye nia ya rangi: inaacha utando. Injini iliyooshwa kwa dizeli pekee huonekana safi, hung'aa hata, na rangi ikipakwa juu yake hubanduka kwa vipande baada ya miezi michache ya joto. Wengi hulaumu rangi, wakisema ni feki. Mara nyingi rangi haina kosa. Dizeli lazima iondolewe na kitu kingine, na kitu hicho ni sabuni.

Sabuni ya unga ya kufulia katika maji ya moto hufanya kazi ambayo mafuta hayawezi: inashika oili upande mmoja na maji upande mwingine na kuvisafirisha pamoja. Maji yawe ya moto kweli, ya kuunguza kidogo, na brashi iwe ya nywele ngumu. Mswaki uliochakaa kwa kona za kuzunguka plagi na bolti. Mafundi wengine hupaka kwanza mchanganyiko wa dizeli na sabuni ya maji, wakaacha robo saa, kisha wakasuuza. Hiyo kimsingi ndiyo digrisa inayouzwa kwenye makopo, na inafanya kazi vizuri. Osha mara mbili kwa sabuni, suuza mara mbili kwa maji safi, kwa kuwa sabuni iliyobaki nayo huifukuza rangi.

Kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Juu ya chuma cha kalibu ni kweli inakula grisi na rangi ya zamani kwa pamoja. Juu ya aluminiamu inakula aluminiamu yenyewe, inachemka, inatoa joto na gesi ya haidrojeni inayolipuka, na kilichobaki ni hedi yenye ngozi ya kijivu iliyochimbika. Mama yeyote aliyechemsha makande kwa magadi kwenye sufuria ya aluminiamu ameona mwanzo mpole wa jambo hilo pale sufuria ilipogeuka nyeusi. Kostiki ni kali mara nyingi zaidi. Kwenye jicho hupofusha. Kwa mwenye injini ya Lister au S195 ambaye ameshavua kila kipuri cha aluminiamu, ana glavu za mpira, miwani, na uzoefu wa kutia kostiki kwenye maji na si maji kwenye kostiki, ni chombo halali. Kwa wengine wote sioni sababu.

Mashine ya presha, ile ya waosha magari wa kandokando ya barabara kuu Mikumi, inaleta swali lingine. Inatoa uchafu kwa dakika chache na kuusukuma ndani kwa dakika hizohizo. Maji hupita kwenye tundu la dipstiki, kwenye bomba la kupumulia, kwenye beringi za alteneta, nyuma ya oili sili zilizochoka. Nafasi kati ya plunja na silinda yake ndani ya pampu ya nozeli hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Tone la maji likikaa humo wiki moja, kutu itakayoota ni ghali kuliko kazi nzima ya rangi. Na injini iliyotoka kuzimwa isipigwe maji baridi kamwe, chuma cha kalibu kinapasuka. Ukitaka presha lazima, iwe kwa bloku tupu lililovuliwa kila kitu na litakalofunguliwa tena kabla ya kuwashwa.

Kwa njia yoyote ile, mashimo yazibwe kabla ya tone la kwanza. Manifoldi ya hewa, ekzosi, mdomo wa kujazia oili, dipstiki, mabomba ya mafuta. Zamani kila mtu alifunga distributa kwa mfuko wa rambo na mpira wa tyubu. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, imebidi kutumia nailoni za vifungashio na vipande vya tyubu vilivyobanwa kwa waya. Kitambaa kisisukumwe ndani ya tundu peke yake: hulowa, hupitisha mchanga, na husahaulika. Punje moja ya mchanga iliyopita kwenye manifoldi ya hewa inatosha kuchora silinda. Alteneta, stata na kabureta vivuliwe, visafishwe kando kwa brashi na kitambaa. Asiyejua kuvua pampu ya nozeli na kuirudisha kwenye taimingi asiiguse. Aizibe na kuizunguka. Mikumi ina chuo cha VETA, kwa hiyo kumpata kijana aliyesomea kazi hiyo si shida, na ujira wake wa nusu siku ni mdogo kuliko bei ya pampu.

Baada ya kusuuza, mwendo hubadilika. Chuma cha kalibu kisicho na oili hata kidogo kiko uchi, na kwenye unyevu wa masika, Machi hadi Mei, utaona wekundu wa kutu umeanza kabla hujamaliza kunywa chai. Ndiyo maana maji ya mwisho yawe ya moto sana: metali ikipata joto hujikausha yenyewe. Futa, puliza kwa kompresa kama ipo, weka juani, na praima iingie siku ileile. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, hewa ni kavu lakini vumbi ni adui. Kazi ya rangi ifanywe asubuhi kabla upepo haujaamka na kabla magari hayajaanza kupishana, juu ya ardhi iliyomwagiwa maji.

Kabla ya praima kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu na ambacho ningependa kila mwenye injini akifahamu. Mimina maji safi juu ya metali. Yakitanda utando mmoja usiokatika, hakuna mafuta. Yakikusanyika matone au yakikimbia sehemu fulani, hapo pana grisi hata kama jicho halioni, na rangi itafanya kama maji yalivyofanya: itakimbia na kuacha vishimo vya mviringo. Rudia sabuni hapo tu. Kipimo hiki kinamaliza ubishi wote wa petroli bora au dizeli bora, kwa sababu hakijali umetumia nini.

Juu ya rangi yenyewe sina mengi. Bloku la injini inayopozwa kwa maji huzunguka nyuzi 80 hadi 100, na rangi ya mafuta ya kawaida juu ya praima nyekundu ya oksaidi huvumilia hapo. Ekzosi manifoldi hufika mamia ya nyuzi. Pale ni silva ya joto au kuacha wazi. Koti mbili nyembamba kwa brashi zinashinda moja nene ya kupuliza, hasa kwenye chuma chenye uso wa mchanga. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri isibanduliwe. Ikwaruzwe kwa msasa wa maji, si mkavu, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake huishia kwa watoto wanaocheza uani. Mahali pa waya wa ethi paachwe chuma kitupu, la sivyo stata itagoma na utabadilisha betri bila sababu. Nyuso za gasketi zisipakwe. Mapezi ya injini inayopozwa kwa hewa, kama za pikipiki, yapate rangi nyembamba sana au yasipate, maana koti nene ni blanketi. Na namba ya injini izibwe kwa selotepu. Kadi ya usajili wa gari hubeba namba ya injini pamoja na ya chesisi, na ukifunga injini nyingine taarifa hizo hubadilishwa TRA; namba iliyozama chini ya rangi humfanya mkaguzi afikirie wizi kabla hajafikiria usafi.

Linabaki suala la uchafu wenyewe unakwenda wapi, na hapa Kilosa ina historia yake. Mji umekaa kando ya mto Mkondoa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huo ulivuka tuta, ukafurika mitaa, ukaacha maelfu bila makazi na kukata reli ya kati. Chochote kinachomwagwa kwenye kingo zake huja kuingia mashambani na visimani maji yanapopanda, na yasipopanda hushuka kwa mto Wami hadi Bahari ya Hindi upande wa Saadani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 za kingo za mto shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi yake. Hata hivyo mto una maji ya bure na mawe ya kuwekea injini, na kishawishi hicho hakiondolewi na kifungu.

Wanaojali huchimba shimo uani, au hutengeneza mtego wa pipa ambapo oili huelea na maji kutokea chini. Mtego hufanya kazi kwa oili iliyo peke yake. Oili iliyokwisha kushikwa na sabuni haielei. Inapita kwenye mtego pamoja na maji meupe, na shimo la uani huipeleka taratibu kwenye kisima kifupi cha jirani. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hukadiria kwamba oili chafu inayotolewa kwenye gari moja mara moja inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi. Ndiyo sababu nimesisitiza gunzi na pumba kabla ya sabuni: kilichotoka kikavu hakihitaji mtego, na maji ya sabuni yanayobaki ni ya ndoo mbili yenye mafuta kidogo, ambayo yanaweza kumwagwa mbali na kisima na bustani, kwenye udongo mkavu wenye jua.

Zile pumba zenye oili zisichomwe jikoni, moshi wake ni mchafu. Na zisirundikwe banda la mbao, maana rundo la matambara na pumba zenye mafuta hushika moto kirahisi. Zikae kwenye dumu la bati lenye mfuniko. Oili chafu iliyotoka ndani ya sampo ina wateja tayari: wajenzi huipaka kwenye miguu ya nguzo kuzuia mchwa. Ni matumizi ya mazoea ambayo siyapendi sana karibu na bustani ya mboga, lakini ni afadhali kuliko mto. Gereji kubwa za Morogoro na Dar es Salaam huiuza kwa wanaoikusanya kwa mapipa. Mtu wa kijijini, kama Ruhembe, mwenye lita 4 hana pipa, isipokuwa akubaliane na gereji ya njia panda impokelee.

Kuhusu rangi ya kuchagua, fundi atakupendekezea nyeusi kwa kuwa inaficha. Omba kijivu cha mpauko. Ukishaifunga injini, iwashe bila mzigo nusu saa. Itanuka na kutoa moshi mwembamba, hiyo ni rangi na mabaki ya mafuta yakiungua kwenye ekzosi, na moshi huo utapita katika saa ya kwanza ya kazi. Izime, iache ipoe, kaza bolti za tapeti kava, futa kila mahali kwa kitambaa cheupe. Kisha iangalie baada ya wiki moja ya kazi, ukiwa na zile picha ulizopiga mwanzo. Alama nyeusi chini ya tapeti kava ni gasketi ya kubadilisha kwa mkono. Ikianzia nyuma ya puli ya mbele ni oili sili ya krankshafti, na hiyo ni kazi ya kufungua upya.